Sahihi ya Mzee Haitoshi

Kila panapozungumzwa mpango wa skuli mbili kubadilishana lugha kwa njia ya intaneti, maneno huwa ni yale yale. Hutajwa kompyuta, ikatajwa nguvu ya mtandao, akatajwa mwalimu atakayesimamia, na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayemaliza wajibu, hutajwa wazazi: watapelekewa fomu watie sahihi. Sahihi ikishapatikana, kazi ya mzee imekwisha. Hatajua mwanawe aliandika nini, aliandikiwa nini, wala ni nani huyo wa upande wa pili. Nasema wazi kwamba mpango wa namna hii ni mbovu tangu msingi wake, na ubovu huo huonekana vyema zaidi ukiupeleka Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa kuliko ukiuacha Unguja mjini au Dar es Salaam.

Kwa nini Ufipa? Kwanza kwa sababu ya jina. Sijui mji wa bara uliosengenywa kwa uchawi kama Sumbawanga, na sisi wa visiwani tunaujua uchungu wa masengenyo hayo, kwani Pemba nayo imetwishwa mzigo ule ule. Mtu akitaka kulichekesha baraza hutaja mojawapo, na watu hucheka kabla hajamaliza. Ni wangapi kati ya wanaocheka wanaojua kwamba jina lenyewe, kwa Kifipa, ni amri ya kuutupa uchawi? Sumba ni kutupa. Wanga ndio huo uchawi. Wala neno hili si geni masikioni mwetu, sisi tulio na mwanga na kuwanga. Mji ulioitwa kwa jina la kuukana uchawi umefanywa ndio makao yake. Sasa mtoto wa Laela au wa Matai akiandikiana na mtoto wa Chake Chake, au wa Leeds, swali hilo halitachelewa kumfika. Atajibu nini? Mwalimu wake huenda ametoka Mara au Kilimanjaro, kapangiwa kituo mwaka jana tu, na hana jibu. Kitabu cha kiada hakina jibu. Jibu liko nyumbani, kwa mama na kwa babu, yaani kwa wale wale waliotakiwa watie sahihi wende zao.

Na si jina peke yake. Mfipa hulima kwa namna yake: huzifukia nyasi chini ya matuta ya mviringo, zikaoza, zikawa mbolea, kisha akapanda. Watu wa vyuo vikuu wamelisifu jambo hili katika maandishi yao. Nchi hiyo hiyo iliwahi kuyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, malungu, na kazi ile haikukoma ila katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mabaki ya matanuru hayo yamo huko hadi leo. Mtoto wa darasa la sita anayapita akienda skuli. Anayo majina ya sehemu zake? Anajua nani aliruhusiwa kukaribia moto na nani alikatazwa? Akiulizwa na mwenzake wa mbali, ataandika kwamba kijijini kwao kuna mnara wa udongo wa kale, basi.

Hapa nikumbushe kisa kimoja ambacho wapenzi wa fasihi ya mdomo wanapaswa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Ufipa mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis. Alikaa na wazee, akasikiliza hadithi zao, na mwaka 1978 kikatoka Oxford kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa, kwa Kiingereza. Simlaumu Willis, alifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini tazama mkondo wa kisa chenyewe. Wazee walisema, maneno yao yakasafiri, yakapata heshima mbele ya wanachuo wa Ulaya. Na mjukuu wa msimulizi akienda sekondari leo atafundishwa kwa Kiingereza, na katika hicho Kiingereza chake hadithi ya babu yake haimo. Huo nao ulikuwa ubadilishanaji wa lugha, ila mzigo ulikwenda upande mmoja. Je, tunataka intaneti iurudie mwendo huo kwa kasi zaidi?

Wapo watakaosema: ndugu yangu, makusudio ya mipango hii ni watoto wajifunze Kiingereza, wazee wa vijijini wanahusika vipi? Hili ndilo jawabu ninalotaka kulipinga kuliko yote. Kubadilishana ni kupeana. Mwenye kupokea tu habadilishani, anakirimiwa, na mkirimiwa hukaa kwa adabu kwenye ukingo wa jamvi. Mtoto wa Ufipa anazo lugha mbili kabla hajaifikia ya tatu: Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha skuli na sokoni. Kiswahili hicho cha skuli kimejengwa juu ya lahaja yetu ya Kiunguja, iliyochukuliwa kuwa msingi wa usanifishaji hata kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki kuundwa mwaka 1930. Kwa hiyo sisi wa visiwani tuna deni huko. Tumewapa watu wa Ufipa lugha, nasi hatujawahi kuuliza wameifanyia nini, wameipaka rangi gani, wameiingizia maneno yapi. Skuli ya Wete na skuli ya Namanyere zikiandikiana kwa Kiswahili, kila upande ukiwa na wazee wake nyuma yake, hapo patakuwa na biashara ya haki: Kipemba kwa Kifipa, kitendawili kwa kitendawili, na Kiswahili kikiwa uwanja wa kukutania. Kiingereza na kije baadaye, kikute watu wana la kusema.

Isitoshe, jambo lenyewe si mtoto wa kompyuta. Nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet wa kijiji cha Bar-sur-Loup alianza katika miaka ya 1920 kubadilishana maandishi ya wanafunzi na mwenzake René Daniel wa Trégunc, pwani ya Bretagne, kwa posta tu. Na kwetu? Tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi wa miji iliyo mbalimbali walijibizana humo, huyu akiuliza, yule akijibu, wa tatu akiingilia kati. Kabla ya magazeti, Kamange na Sarahani wa Pemba walijibizana kwa tungo. Malumbano yale hayakuwa siri ya wawili. Yalisomwa barazani, wazee wakasikia, wakasahihisha mizani, wakamcheka aliyeteleza. Mtunzi alijua kwamba nyuma ya anayemjibu pana mji mzima. Ndiyo maana hakuandika upuuzi.

Hoja ya pili hunikera zaidi: ati wazee wa vijijini hawaijui kompyuta. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wazima, wengi wao ndio kwanza wanajifunza kusoma, walikusanyika kwa vikundi. Kiongozi alifungua redio, wakasikiliza, kijitabu kikasomwa kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walioshiriki walikaribia milioni mbili. Hakuna aliyewauliza kama wanajua namna redio inavyotengenezwa. Basi skuli yenye kompyuta moja na kipaza sauti inashindwa nini kuwaita wazee siku ya Jumamosi, ikawasomea barua iliyotoka Pemba, wakajibu kwa midomo yao, watoto wakaandika? Mwandishi ni mtoto, msemaji ni mzee. Simu zenyewe zimo mikononi mwa wazee, na mwanafunzi haruhusiwi kuwa nayo skuli. Mwenye chombo tumemwacha nje, tukamwita ndani asiyekuwa nacho.

Kuna na suala la usalama, ambalo sitalirefusha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Vizuri. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua anachokiridhia ni wino tu. Mama aliyekwisha kuisikia barua ikisomwa, akacheka, akaongeza neno lake, ndiye atakayetambua siku barua inapobadilika harufu.

Nakubali kwamba wazee nao wana lawama yao. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, wengi wamelifahamu neno bure kuwa maana yake ni kwamba skuli si shughuli yao tena. Huitwa kikao wakadhani ni michango, wasende. Lakini walizoeshwa hivyo na nani? Mtu anayeitwa kwa ajili ya fedha na sahihi pekee atajifunza kuukimbia mwito. Muite siku moja umuulize kitendawili, uone kama hatokuja.

Walimu nao watasema wazee wataingilia, watagombana juu ya neno lipi ni sahihi, watataka mambo fulani yasiandikwe. Na wagombane! Ugomvi juu ya neno ndio somo lenyewe la lugha. Na kama mzee atasema jambo hili la malungu haliandikwi kwa wageni, ni haki yake, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba si kila kinachojulikana hutolewa nje. Kuhusu umeme na mtandao, sioni kwa nini tuonane wanyonge: kwa miaka mingi Sumbawanga ilinunua umeme wake kutoka Zambia, na Pemba inaupata wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Tumezoea wote kuwasha taa kwa hisani ya jirani.

Linalobaki ni kalenda, na hapa ndipo mipango ya ng'ambo hukosea, maana hufuata muhula wa Ulaya. Ufipa mvua huanza Novemba ikaishia Aprili, na siku hizo usimtafute mzee skuli, yuko shambani. Pemba nayo, karafuu zikianza kuchumwa, hata watoto huwapati. Ukiyapima yote mawili, nafasi iliyo wazi ni Juni, mavuno ya Ufipa yakiwa yanaingia ghalani na baridi ya huko imewakusanya watu karibu na moto. Barua ya kwanza na itoke upande wetu, na swali lake la kwanza liwe hilo la jina la mji, liulizwe kwa adabu, na aulizwe mzee.