Mkunjo Anaoujua Fundi Cherehani

Karatasi imekunjwa katikati mara mbili, kisha ikatobolewa tundu moja kupita tabaka zote. Ikikunjuliwa, itakuwa na matundu mangapi? Manne. Swali la namna hiyo limo katika majaribio ya kupima uwezo wa akili yaliyochapishwa Marekani mwaka 1976, na bado huwatoa watahiniwa jasho.

Fundi cherehani wa Tunduma, mkoani Songwe, angelicheka. Akikata shingo ya gauni la kitenge, hukunja kitambaa katikati na kukata nusu duara pale pale kwenye mkunjo. Kikikunjuliwa, duara kamili. Hapo ndipo mtu anaweza kuteleza: mkato wa kwenye mkunjo hauzai matundu mawili, huzaa moja.

Shule za Songwe ziwaalike mafundi kama huyo kwenye kipindi cha hisabati, waje na mikasi yao. Karatasi za madaftari ya mwaka jana zinatosha.