Nunua tangi leo, samaki mwezi ujao



Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo huenda hukutarajia kulikuta kwenye safu ya afya, nalo ni samaki wa kufuga sebuleni. Siku hizi nikitembelea jamaa nakuta hali ileile. Kwenye kona kuna tangi, maji yake yamekuwa meupe kama yaliyooshea mchele, na samaki mmoja tu amebaki, amejibanza nyuma ya hita. Ukiuliza unaambiwa, "Tulinunua wanane, wenzake wamekufa." Mtoto amenuna, baba anasema samaki wa huku hawana uhai. Ndugu yangu, samaki hawana kosa. Kosa ni letu, na linaweza kukugharimu wewe pia.

Kwanza nieleweke, sina ugomvi na ufugaji wa samaki. Mimi mwenyewe ninao. Mtu unatoka zamu ya usiku, au unarudi saa kumi jioni na nje giza limeshaingia, ukikaa dakika kumi unatazama kundi la samaki likizunguka pamoja, moyo unatulia. Wala si maneno ya vijiweni tu. Mwaka 2015 watafiti wa hapa Uingereza walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye jumba la viumbe wa baharini mjini Plymouth. Watu waliotazama tangi walishuka mapigo ya moyo na presha, na samaki walipoongezwa walivutiwa zaidi na hali zao zikawa nzuri zaidi. Lakini lile lilikuwa tangi kubwa sana lenye samaki wazima. Sijaona mtu anayetulizwa na samaki anayekufa mbele ya macho yake. Na tafadhali, usije ukaacha dawa zako za presha kwa sababu umenunua tangi.

DAGAA HATEMBEI PEKE YAKE

Wengi wa samaki wadogo wa rangi tunaouziwa madukani, kama neoni, kadinali, zebra na rasbora, ni samaki wa kundi. Neoni asili yake ni mito ya bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Kwetu ukitaka kumfananisha, mfananishe na dagaa. Umemwona wapi dagaa wa Kigoma anatembea peke yake? Kundi ndiyo ngao yake, maana adui akija anachanganyikiwa, hajui amkamate yupi. Ukimtenga na wenzake anaishi kwa hofu usiku na mchana, rangi inapauka, chakula hakili vizuri, na mwili unakosa nguvu ya kupigana na maradhi. Sisi tulioishi chumba kimoja mji wa ugenini mwaka wa kwanza hatuhitaji kuelezwa sana.

Na kundi maana yake ni samaki wa aina moja. Mara ya kwanza mimi nilinunua neoni wawili, zebra wawili na rasbora wawili, nikajisifu nina kundi la sita. Sikuwa na kundi, nilikuwa na abiria sita kwenye kituo cha basi. Wasipungue sita wa aina moja, na wakifika kumi ni bora zaidi. Kwa hiyo lile bakuli la duara lenye samaki mmoja, tunalopenda kumpa mtoto siku ya kuzaliwa, kwa maoni yangu si zawadi. Ni kumfundisha mtoto kutazama kiumbe akiteseka.

Hata sheria iko upande wangu. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 ya England na Wales inahusu wanyama wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, na inamtaka mfugaji azingatie haja ya mnyama kuishi pamoja na wenzake au mbali nao, kulingana na alivyoumbwa.

MAJI NAYO YANATAKA MUDA

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Jumamosi asubuhi unanunua tangi, mchana unajaza maji ya bomba, jioni unatia samaki. Wiki ya pili ni mazishi.

Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Kuna bakteria wazuri wanaoibadili amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huota hasa kwenye sponji ya filta, na kwenye tangi jipya bado hawapo wa kutosha. Kuwajenga huchukua kwa kawaida wiki nne mpaka sita. Washa filta na hita, tia chembe za chakula cha samaki kila siku mbili tatu ili zioze na kuwalisha bakteria, na pima maji kwa vipimo vinavyouzwa dukani. Amonia na nitriti zikipanda halafu zote zikashuka mpaka sifuri, tangi liko tayari. Badilisha sehemu ya maji, ndipo ukachukue samaki.

Maji ya bomba yana klorini, hivyo yatie dawa ya kuiondoa kabla hayajaingia kwenye tangi. Baadaye badilisha kama robo ya maji kila wiki, siyo yote kwa mpigo. Na sponji ya filta usiioshe bombani, ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini, la sivyo unawaua walewale bakteria uliowangojea mwezi mzima.

KIDOLE KILICHOKATAA KUPONA

Sasa tuje kwenye afya yako. Miaka michache iliyopita nilijikwaruza kidole nikiosha changarawe za tangi. Sikujali. Wiki tatu baadaye kikatoka kivimbe chekundu, hakiumi sana, lakini hakiponi. Daktari akanipa krimu. Nikarudi, nikapewa antibayotiki za wiki moja. Kikatoka kingine mgongoni mwa kiganja. Mara ya tatu nesi aliyekuwa ananifunga bandeji akaniuliza, "Nyumbani unafuga samaki?" Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mimi sikuwa nimesema. Wakachukua kipande kidogo cha ngozi wakapima, na matibabu yakachukua miezi minne.

Mdudu huyu anaitwa Mycobacterium marinum. Anaishi kwenye maji na kwenye samaki wagonjwa, na anaingia mwilini kupitia mchubuko. Ni wa ukoo mmoja na mdudu wa kifua kikuu, ndiyo maana watu wakisikia wanashtuka. Msishtuke. Siyo kifua kikuu, hauambukizwi kwa kukohoa, na hakuna haja ya kumtenga mtu sahani wala kikombe. Ila unaweza kufanya kile kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kionyeshe kwamba umeambukizwa, kwa hiyo ukipimwa, mweleze daktari habari ya samaki wako. Ugonjwa wenyewe hautokei mara kwa mara, lakini ukichelewa kutambuliwa unaweza kuingia kwenye viungo na mifupa.

Basi nawaomba mshike haya:

1. Ukiwa na kidonda au mchubuko mkononi, usitie mkono tangini. Vaa glovu ndefu zisizopitisha maji, au mwombe mwingine afanye.

2. Usivute maji kwa mdomo kwenye mpira, kama tulivyozoea kuvuta mafuta kwenye pipa. Nunua mpira wenye pampu ya mkono.

3. Vifaa vya tangi usivioshee kwenye sinki la jikoni. Tenga ndoo yake, na baada ya kazi nawa kwa sabuni. Watoto wadogo nao wanawishwe, kwa sababu maji ya tangi yanaweza pia kuwa na salmonela wa kuharisha.

4. Mwenye kisukari, anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayepata matibabu ya saratani au anayetumia dawa za kupunguza kinga, azungumze kwanza na daktari wake. Kutazama atazame, kusafisha wasafishe wengine.

5. Zima umeme kabla ya kutia mkono majini. Waya uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakiufuata yadondokee sakafuni.

6. Ukiona kivimbe au kidonda mkononi kisichopona, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe, "Nafuga samaki."

KABLA YA KUTOA PESA

Soma mkataba wa nyumba, maana wenye nyumba wengine hawataki mnyama yeyote. Tangi la lita 60, ambalo linatosha kundi la neoni kumi, lina kilo 60 za maji peke yake, bado kioo na changarawe. Usiliweke juu ya meza ya televisheni inayoyumba. Na jiulize nani atawalisha mkienda nyumbani likizo wiki sita.

Ukiona huna nafasi, huna muda au huna subira ya mwezi mmoja, acha. Si aibu. Mpeleke mtoto akatazame samaki kwenye jumba la maonyesho. Lakini ukiamua, anza na tangi tupu, na mtoto akiuliza samaki wako wapi, mwambie tunawatengenezea maji. Wangu aliuliza kila siku kwa wiki tano. Neoni kumi walipoingia, waliganda pembeni siku nzima, kesho yake asubuhi wakatoka wote pamoja, na yeye ndiye aliyekuja kuniamsha.