Rafu tupu, stoo imejaa

Mama anaingia dukani mjini Wote, Kaunti ya Makueni, jua la saa saba likiwa utosini. Pesa zake amezifunga pindoni mwa leso, na amelipa nauli ya bodaboda kutoka kijijini ili anunue unga. Anakwenda moja kwa moja penye rafu ya unga na kukuta mbao tupu.

"Mwanangu, unga umeisha?"

"Umeisha, mwaitu. Jaribu kesho."

Mama anashusha pumzi, anajifunga leso vizuri na kuondoka. Kumbe nyuma ya mlango wa stoo, hatua kumi tu kutoka aliposimama, kuna marobota ya unga yaliyopangwa hadi karibu na dari, kila robota likiwa na pakiti 12 za kilo mbili. Duka lina unga. Rafu ndiyo haina.

Msomaji mpenzi, bila shaka kisa kama hiki kimewahi kukufika, uwe Kitui, Mwingi, Emali au hapa jijini Nairobi. Nasi wanunuzi tumezoea kuitazama rafu na kuamini kwamba tumeliona duka zima. La hasha! Rafu ni uso tu. Duka lenyewe liko nyuma ya ule mlango ulioandikwa kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia. Leo nataka tuuchungulie mlango huo, kwa maana yaliyomo ndani yake yanaihusu jamii kuliko tunavyodhani. Kule Kitui na Makueni yaliwahi kuwa suala la kufa na kupona.

Kazi isiyo na mwenyewe

Kwanza tujiulize, inakuwaje rafu ikose kitu ambacho duka linacho? Mwaka wa 2002 wasomi watatu, Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu maduka ya sehemu mbalimbali za dunia. Waligundua kwamba, kwa wastani, bidhaa 8 hivi katika kila 100 ambazo mteja angetarajia kuzikuta huwa hazipo rafuni. Ajabu ni kwamba katika kiasi cha robo ya visa hivyo bidhaa ilikuwamo dukani, ila hakuna aliyeitoa stoo.

Sababu zake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi dukani. Mwenye duka yuko kwenye kaunta akipokea pesa. Kijana wa kazi yuko nje akishusha mzigo kutoka kwenye lori. Mzigo mpya unawekwa mbele ya mzigo wa zamani, na sukari inafichwa na katoni za sabuni. Daftari au kompyuta inasema kuna pakiti 40, na kwa kuwa hesabu inasema zipo, hakuna anayeagiza nyingine wala anayekwenda kutazama. Katika maduka makubwa, baadhi ya kampuni hutuma vijana wao wenyewe kuja kupanga bidhaa zao. Siku ambayo kijana huyo hakufika, rafu yake hubaki wazi, kwani wafanyakazi wa duka huona kwamba kazi ile si yao. Kazi ya wote huishia kuwa kazi isiyo na mwenyewe.

Dawa yake si ghali. Kabla ya duka kufunguliwa, na tena kabla ya wateja wa jioni kumiminika, mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo apite kila rafu akiwa na kalamu na karatasi. Aandike kila pengo aonalo. Aingie stoo, atoe kinachohitajika na kukipanga, vya zamani akivivuta mbele na vipya akiviweka nyuma. Kisha ahesabu kilichobaki stoo na kukiandika, ili agizo jipya litoke mapema. Haya yote hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu anayejua kwamba ataulizwa.

Rafu tupu si za aina moja

Hata hivyo, si haki kumlaumu kijana wa dukani kila tukutapo rafu tupu. Kuna nyakati ambapo stoo nayo haina kitu. Wengi wenu mnakumbuka mwaka wa 2017, wakati rafu za Nakumatt, ambayo ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za maduka nchini, zilipobaki nyeupe. Pale hapakuwa na kitu cha kutoa nyuma. Wasambazaji walikuwa wanadai pesa zao na wakaacha kuleta bidhaa. Mwaka wa 2018 kampuni hiyo ikawekwa chini ya msimamizi, na mwaka wa 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Kabla yake, Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, ilifunga milango yake Juni 2006 ikiwa imelemewa na madeni, kisha ikafufuliwa. Mnunuzi makini husoma dalili. Ikikosekana bidhaa moja leo na kesho ikapatikana, hilo ni suala la stoo na rafu. Zikikosekana nyingi kwa pamoja, wiki baada ya wiki, ujue kuna jambo zito zaidi.

Tena kuna utupu wa tatu, ambao wazee wa Ukambani wanaujua vyema. Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina ili vizazi visisahau. Njaa moja ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliitwa "Nikw'a ngwete", yaani ninakufa hali nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Mtu alikuwa na noti mkononi na dukani hakuna cha kununua. Sisi wa mjini tulionja kidogo uchungu huo mwaka wa 2017, baada ya ukame. Kuanzia Mei serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe kwa shilingi 90, na katika maduka mengi pakiti hizo zilikwisha punde tu zilipowekwa rafuni.

Ukimsikiliza mtu aliyeishi nyakati kama hizo, utaelewa ni kwa nini rafu iliyojaa humtuliza moyo. Hapo ndipo penye hatari ninayotaka tuizungumzie. Njaa inapobisha hodi na rafu ni tupu, muuzaji hushawishika kutoa chochote kilichomo stoo, na mnunuzi hushawishika kukipokea bila kuuliza.

Mwaka wa 2004

Mwanzoni mwa mwaka wa 2004 mvua zisizo za msimu ziliwakuta wakulima wa Makueni na Kitui wakivuna mahindi. Chakula kilikuwa haba. Wengi, wakihofia wezi, waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba badala ya kuyaweka katika ghala zao za kawaida zenye kupitisha hewa, tena kabla hayajakauka sawasawa. Ndani ya nyumba mlikuwa na joto na unyevu. Ukungu ukaota, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi wengine huiita sumukuvu.

Hospitali zikaanza kupokea watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba, ini likiwa limeharibika. Kufikia Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wengi wao walitoka Makueni na Kitui. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua wilayani humo kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Sasa sikiliza jambo linalogusa maduka. Wachunguzi hawakupima mahindi ya majumbani peke yake. Walizunguka masokoni na kuchukua sampuli 342 kutoka kwa wauzaji. Zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni. (Leo kiwango nchini ni sehemu 10.) Maana yake ni nini? Mkulima alimuuzia mwenye duka mahindi yenye unyevu, mwenye duka akayaweka stoo, stoo ikajaza rafu, na jirani ambaye shamba lake halikutoa kitu akaja kuyanunua. Aliyeepuka sumu shambani mwake aliifuata dukani kwa pesa zake.

Kwa hiyo, msomaji, kujaza rafu si kubeba tu mzigo kutoka nyuma na kuuleta mbele. Ni kuchagua. Yule kijana mwenye aproni anayetoa gunia stoo ndiye mlinzi wa mwisho kati ya ukungu na sufuria yako.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwenye duka, mambo ni machache. Magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yapandishwe juu ya mbao ili hewa ipite. Paa lisivuje. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na kila mzigo uandikwe tarehe uliyofika. Gunia lililolowa lisichanganywe na makavu kwa nia ya kulificha. Na nafaka isipokelewe kabla ya kupimwa unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5.

Asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, utie kiganja cha mahindi pamoja na chumvi kidogo iliyo kavu, uifunge na kuitikisa vizuri. Iache kwa dakika kumi na tano hivi. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na yanahitaji jua. Isiponata, yamekauka kiasi. Fahamu lakini kwamba chupa inapima unyevu tu. Haitakuambia kama sumu imekwisha kuingia.

Kwako wewe mnunuzi, soma tarehe kwenye pakiti. Pakiti yenye unyevu, iliyopasuka au yenye harufu ya uvundo irudishe. Mahindi ya gunia yapekue hadi chini, si juu tu. Usijidanganye kwamba moto wa jikoni utamaliza kila kitu. Kupika hakuiondoi sumu hii, na mara nyingi huwezi kuiona wala kuionja. Yaliyooza usimtupie ng'ombe wala kuku. Ng'ombe akiyala, sumu hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo atakunywa mtoto wako.

Pia fuatilia matangazo. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo, na maduka yakatakiwa kuziondoa. Siku kama hiyo kazi ya stoo hugeuka: badala ya kutoa nyuma na kuleta mbele, mtu anatakiwa kuondoa mbele na pia kuondoa nyuma. Duka lisilojua kilichomo stooni litaondoa kilicho rafuni leo, na wiki ijayo kijana asiye na habari atatoa robota lile lile na kulipanga tena.

Na nyumbani je?

Kabati la jikoni nalo ni rafu, na gunia lililo chini ya kitanda ni stoo. Nanyi wanafunzi mnaotoka Kitui na Makueni mnaijua habari hii. Likizo ikiisha, mama anakufungia mahindi na ndengu urudi nazo Nairobi ili usife njaa chuoni. Gunia linasafiri juu ya basi, linanyeshewa njiani, kisha linasukumwa kwenye pembe ya chumba kisicho na dirisha. Lifungue siku hiyo hiyo. Lianike. Maliza la zamani kabla ya kugusa jipya. Mapenzi ya mama yasigeuke sumu kwa uvivu wa siku moja.

Nina neno pia kwa vijana wanaofanya kazi ya kupanga rafu wakati wa likizo na kuiona ni ya kudharauliwa. Mwanangu, au mdogo wangu, usiidharau. Wateja hawatalijua jina lako, na meneja huenda asikushukuru. Lakini mama akiuliza kama unga upo, usimjibu kwa kuitazama rafu. Nenda nyuma ukaangalie. Ukiupata, mletee. Ukiukuta umelowa, mwambie ukweli na umwambie mwenye duka pia, hata kama rafu itabaki tupu. Afadhali mama arudi nyumbani mikono mitupu siku moja kuliko kumpa kitu kitakachoizika nyumba yake.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia juma jema lenye rafu na stoo zilizo sawa.