Eti nasoma takataka!

Jamani wadau, leo nina hasira. Rundo langu la riwaya za upelelezi limefika kumi na moja, sijazigusa, na mwenzangu wa chumbani ananisimanga: "Mwalimu mtarajiwa anasoma takataka!" Takataka? Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960. Bwana Msa na kiko chake anafumbua mauaji kwa akili tu, tena kwa Kiswahili cha Unguja ambacho sisi wa Elimu hatukiwezi! Simu ya Kifo ya Katalambulla ni ya 1965, mpaka leo inatafutwa. Sasa nyie mnaobeba notisi tu, mtoto wa kidato cha pili mtampa nini akapenda kusoma? Hizohizo notisi? Mimi usiku huu niko na Joram Kiango wa Mtobwa. Msinigongee mlango.