Wapimeni watoto damu ya jino kabla ya kuling'oa





Huku Mwankoko, kama sehemu nyingine za Mkoa wa Singida, wako watu wengi wenye meno ya kahawia, na tumekwisha zoea kuchekwa na ndugu zetu wa pwani. Si uchafu. Ni madini ya floridi yaliyomo katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini baadhi ya visima vya mkoa huu huzidi hapo. Basi anayetazama rangi tu hawezi kujua kama jino limekufa au limekunywa maji ya Singida.

Mwaka jana mwanangu wa miaka 9 alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, akagonga jino la mbele. Tulikopeleka walimgusisha pamba yenye baridi kali, hakusikia kitu. Tukaambiwa limekufa, ling'olewe. Nilikataa. Baada ya miezi miwili alianza kulalamika kuwa maji ya baridi yanamuuma jino lile lile.

Nilipouliza kwa wataalamu wengine nikaelezwa kwamba kipimo cha baridi, na kile cha kupitisha umeme kidogo, hupima mshipa wa fahamu tu. Jino likigongwa, mshipa huo unaweza kunyamaza kwa wiki au miezi, huku damu bado inapita ndani. Kwa mtoto, ambaye mzizi wa jino haujakomaa, vipimo hivyo ndivyo hudanganya zaidi.

Sasa kipo kipimo cha kutafuta damu yenyewe. Ni oksimita, kile kibanio cha kidoleni ambacho wengi tulikijua wakati wa UVIKO-19. Msingi wake ulibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha husoma oksijeni katika damu inayodunda. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Marekani wameandika juu ya kukitumia kwenye jino. Hakiumi, na mtoto hahitaji kujibu swali lolote.

Hata hivyo kibanio cha kidole hakikai vizuri kwenye jino. Lazima kitengenezwe kishikio chake, taa upande mmoja na kipokezi upande wa pili, vinatazamana sawasawa. Kikikaa vibaya kitasoma damu ya ufizi. Jino lenye kiraka kikubwa au kofia halisomeki vizuri. Hata jino zima husoma chini kuliko kidole.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na chuo chetu cha Muhimbili ni hili: kishikio hicho kitengenezwe hapa hapa nchini, na kipimo kijaribiwe kwanza kwenye meno yetu haya ya kahawia, maana mwanga unaopita katika jino jeupe la Ulaya huenda usipite vivyo hivyo katika la Singida. Wakati huo tukisubiri, matabibu wa meno wa wilayani waagizwe wasing'oe jino la mtoto lililogongwa kwa sababu tu halikusikia baridi siku ile. Wampe tarehe ya kurudi, wampime tena.

Mkulima wa alizeti,
Mwankoko, Singida.