Mtoto si Mwanasesere



Wengine watashangaa kuona watu wa reli wakiandika habari za vyuo vya uganga. Sisi tuliotia mkono hapa ni watu wa Kiwayu, kaskazini ya Amu, ambako reli haijafika. (LAPSSET ilizinduliwa Machi 2012 na reli ikatajwa sana, hatujaona hata taruma moja.) Kwetu mtoto akizidiwa hupakiwa mashuani kwenda Faza, na Faza wakishindwa, ni bahari tena mpaka Amu. Wakati wa Kusi hata nahodha mzoefu husita. Basi yule tabibu kijana anayemshika mtoto kwanza mara nyingi yuko peke yake, hana mwenzi wa kumwuliza.

Sasa baadhi yenu mwasema, "Mwanafunzi asimguse mtoto wangu." Neno hili lilisemwa kwa ukali tawini kwetu, baada ya mtoto wa mwenzetu kuchomwa sindano mara tano katika hospitali moja, mwalimu wa mwanafunzi akiwa chumba kingine. Hasira ile twaijua, lakini neno lenyewe twalikataa. Kila mzazi wa Mombasa na Nairobi akimfukuza mwanafunzi, kijana yule atapata cheti chake vile vile. Kisha atapelekwa visiwani, na mshipa wa kwanza atakaoutafuta utakuwa wa mtoto wa Kiwayu, usiku, kwa mwanga wa tochi. Tutakuwa tumeiondoa hatari mlangoni petu tukaiweka mlangoni pa mama zetu.

Wa kulaumiwa ni wale wanaomtuma kijana kabla mikono yake haijafundishwa. Waganga wana msemo wao wa zamani: tazama mara moja, fanya mara moja, kisha fundisha. Nani kati yetu alipewa treni ya abiria namna hiyo? Dereva hukaa chuoni, hupanga mabehewa yadini, husafiri na dereva mzee aliye tayari kushika breki. Ajali ikitokea huulizwa nani alimfundisha na nani alitia sahihi.

Na treni ni kubwa, yaonekana. Mtoto mchanga wa kilo 3, damu yake yote haijazi chupa ya soda ya mililita 300. Mshipa wake ni uzi. Aliyezaliwa bila kuvuta pumzi hutakiwa kusaidiwa ndani ya dakika 1, kwa mfuko wa hewa na barakoa iliyokaa sawasawa usoni. Ikivuja, kifua hakiinuki. Aliyekaribia kufa kwa kuhara, mishipa ikawa haionekani, hutiwa maji kwa sindano ndani ya mfupa wa muundi, chini ya goti. Haya yote mkono waweza kuyazoea kwa mwanasesere, hata mara ishirini, na mwanasesere halii.

Wala si ndoto. Mabingwa wa watoto wa Kenya wameanzisha mafunzo ya siku 5, ETAT+, ya kumwokoa mtoto mahututi, na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamefundishwa hayo. Tena hospitali 8 za wilaya zilipimwa, matokeo yakatolewa 2011. Zile 4 zilizopata mafunzo ya siku 5 na nusu, pamoja na wasimamizi waliorudi kukagua, ziliwahudumia watoto vizuri kuliko zile 4 zilizopewa siku moja na nusu. Kwa hiyo mwanasesere bila msimamizi hatoshi.

Lakini msimamizi ni mshahara, na hapo ndipo wakubwa husahau. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na sababu moja ilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, Serikali ikataka kuwapa 70,000. Anayeona mkono wa mwanagenzi ni bei rahisi hatamlipa mtu wa kusimama nyuma yake.

Twataka kila mjumbe wa tawi aiulize kaunti yake: vyuo vyenu vina wanasesere wangapi, na zamu ya usiku nani husimama karibu na mwanafunzi? Na wewe mzazi, mwanafunzi akija na sindano, usimfukuze. Mwulize kwa upole amefanya mara ngapi na mwalimu wake yuko wapi. Kama mwalimu hayupo, ngojeni aitwe. Akikosa mara mbili, mwalimu aishike sindano mwenyewe.