Ndoa ya Sinema na Gunia la Mpunga

Ilizuka nchini Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, aina ya sinema isiyokuwa na kasri wala bustani. Iliitwa sinema ya karo la kuoshea vyombo, kwa jina lililotokana na makala ya mhakiki David Sylvester ya mwaka 1954 juu ya wachoraji wa maisha duni. Ndani yake mume na mke hugombana katika chumba chembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyao, na mwisho wa hadithi haufuti machozi ya mtu. Husemwa na baadhi ya wasomi kwamba sinema hizo ni kiza kitupu, na kwamba Mwafrika hana haja nazo, kwani ndoa ni stara na siri ya mtungi aijuaye kata.

Hoja hiyo ni dhaifu, na methali yenyewe yaishuhudia dhidi ya msemaji wake. Kata huijua siri ya mtungi kwa sababu huingia ndani. Haikuamriwa kuwa kifuniko. Sanaa ni kata. Kazi yake ni kuzama na kutoka na kilichomo, yakiwa maji safi au matope. Wahenga hao hao walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Sifa ya sinema zile za Uingereza si huzuni yake. Sifa yake ni hesabu. Katika Saturday Night and Sunday Morning ya mwaka 1960 mtazamaji huiona mashine ya kiwandani anayoisimamia kijana kabla ya kuziona starehe zake. Katika A Kind of Loving ya mwaka 1962 huona jinsi arusi ya haraka inavyoharibika chini ya paa la mama mkwe, kwa kuwa wawili wale hawana nyumba yao. Ugomvi una bei, na bei inatajwa. Ila yako aibu yake pia: katika Look Back in Anger mume hupewa hasira na maneno, mke akapewa pasi na nguo za kunyosha. Ilimpasa binti wa miaka 19, Shelagh Delaney, kuandika A Taste of Honey, iliyochezwa jukwaani mwaka 1958 na kufanywa sinema mwaka 1961, ndipo mwanamke akazungumza kwa kinywa chake.

Sinema za Tanzania zimependa ndoa yenye matatizo kuliko jambo jingine lolote. Lakini ni ndoa gani? Mara nyingi ni ya sebule yenye makochi makubwa, geti na gari, na chanzo cha fitina ni hawara, mganga au urithi. Mchezo wa televisheni wa Siri ya Mtungi, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2012, ulifanya heri kuwatoa mume na mke Dar es Salaam na kuwaweka Bagamoyo, katika kazi ya mpiga picha. Hata hivyo mkulima na mkewe wangali wakingoja zamu.

Na wangojee wapi, kama si Ifakara? Huko, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, mto Kilombero hufurika masika na kuligeuza bonde kuwa shamba la mpunga. Jamaa nyingi huhama mji na kukaa katika vibanda na madungu mbali na majirani. Mke hupanda, hupalia, huamia ndege na kupika kwa kuni mbichi, mtoto mgongoni. Kisha huja mavuno, na gunia hushonwa. Mpunga uliokuwa wa wawili majini huweza kuwa wa mmoja mashineni, akarudi na fedha pungufu na maneno mengi, au asirudi upesi. Hapo ndipo penye mchezo wa kuigiza, na hapahitaji mganga.

Sheria imekwisha kuingia mahali ambapo kamera inaogopa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali, ikakataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa rufani yake mwenyewe haikufaulu. Majaji waliliona jiko. Wenye kamera wana udhuru gani?

Atasema mtu kwamba picha ya namna hiyo itawatukana wanaume wa bonde. La. Itamwonyesha pia mume aliyekopa kabla ya mavuno, akauza kwa bei ya mnunuzi katika gunia lililojazwa lumbesa, akaona haya kumweleza mkewe kiasi kilichobaki. Sinema ya haki haimtafuti shetani wa kumtwisha lawama. Humwonyesha mtazamaji gunia, kisha humwuliza nani alilijaza, nani aliliuza, na nani hakuulizwa. Mwandishi anayelikwepa swali hilo kwa jina la stara haisitiri ndoa. Amsitiriye ni yule aliyekwenda na fedha.